Kumtafuta Töle bi, Mzee wa Mbayuwayu

Katikati ya jiji la Almaty kuna mitaa mitatu inayokwenda sambamba. Ukiteremka kutoka upande wa milima ya Alatau utaikata mmoja baada ya mwingine: Töle bi, Kazybek bi, Aiteke bi. Enzi za Usovieti mitaa hiyo iliitwa Komsomolskaya, Sovetskaya na Oktyabrskaya, majina ambayo yangeweza kubandikwa kwenye mtaa wowote kuanzia Minsk hadi Vladivostok. Baada ya uhuru wa 1991 Wakazakhi waling'oa vibao na kuweka majina ya waamuzi watatu. Waamuzi, nasema, wala si majemadari. Nchi nyingi nilizopita, zikiwakumbuka mahakimu wao, huwapa kijia kifupi nyuma ya jengo la mahakama. Hapa wamepewa moyo wa jiji kubwa kuliko yote nchini.

Bi wa Kikazakhi (asichanganywe na Bi wetu wa kumtaja mwanamke kwa heshima) alikuwa mwamuzi wa kimila. Wala hakuwa kadhi, ingawa Wakazakhi ni Waislamu. Kadhi ana kitabu anachokisoma, mwalimu aliyemfundisha na mtawala aliyemteua. Bi hakuteuliwa na mtu wala hakupigiwa kura. Wenye ugomvi walimwendea mara ya kwanza kwa kusikia sifa zake, na mara ya pili kwa kuridhika na alichowaamulia. Siku watu walipoacha kwenda kwake, ubi wake ulikuwa umekwisha, hata kama baba na babu yake walikuwa waamuzi wakubwa. Karibu kila kijiji cha mahema kilikuwa na bi wake, wengi wao wa mambo madogo ya ng'ombe aliyepotea na binti aliyeposwa na wawili. Hawa watatu wa mitaani walikuwa wa juu kabisa, kila mmoja akisemea moja ya zhuz tatu, yaani mafungu matatu makuu ya taifa la Wakazakhi: Töle wa Zhuz Kubwa, Kazybek wa Zhuz ya Kati, Aiteke wa Zhuz Ndogo.

Nilimchagua Töle kwa sababu ambayo wanahistoria wataicheka: ndiye ambaye njia yake inafuatika kwa reli na barabara. Alizaliwa 1663 katika bonde la mto Shu, kwenye malisho ya Zhaisan, kusini mwa Kazakhstan ya leo. Alikufa 1756, akazikwa Tashkent. Katikati ya hapo kuna Turkistan alikohukumu, na kilima cha Ordabasy alikopatanisha. Yote hayo yamo katika ukanda mmoja wa nyika unaopakana na milima upande wa kusini, na treni ya usiku inayotoka stesheni ya Almaty-2 kwenda Shymkent hupita humo.

Mwisho wa kila behewa kuna pipa refu la maji moto, na maisha yote ya safari huzunguka pipa hilo. Watu huvua viatu, huvaa malapa, huchota maji ya chai, kisha hufungua vyakula: mandazi yao madogo ya kukaanga yaitwayo baursak, nyama ya farasi iliyokaushwa, na kurt, vidonge vyeupe vya maziwa yaliyogandishwa na kukaushwa, vikali kwa chumvi. Kurt ya kwanza nilidhani imeharibika. Ya tatu niliiomba mwenyewe. Walionikaribisha ni mzee mstaafu, mkewe, na mjukuu wao wa kike anayesoma chuo kikuu, ambaye ndiye aliyetufanyia ukalimani. Nilimwita mzee "ata," kama mjukuu wake alivyomwita, yaani babu, naye akafurahi.

Mzee aliniuliza ninatoka wapi. Nikamjibu. Tanzania anaijua: mlima na simba. Kisha akaniuliza swali ambalo baadaye nililisikia kila nilikokwenda: baba zako saba ni akina nani? Nilimtaja baba, babu, baba yake babu, na mmoja juu yake. Hapo nikakwama. Mzee hakunicheka. Alianza kuwataja wa kwake, akikunja kidole kwa kila jina, hadi saba, kisha akaendelea kutaja koo badala ya watu, koo zikaingia katika kabila, na kabila likaingia katika zhuz. Mjukuu alikuwa akiyajua majina yote, akimtangulia babu yake kwa nusu neno. Mkewe akasema mwache mgeni wa watu anywe chai.

Kuna desturi inayofahamika: watu wanaokutana katika mmoja wa baba hao saba hawaoani. Lakini mzee alinieleza jambo jingine, na ndilo lililonibadilishia safari nzima. Zamani, alisema, ukimjua mtu baba zake saba unajua ni nani atakayelipa akifanya kosa. Nasaba ilikuwa daftari la madeni. Nilikuwa nimekuja na dhana ya kawaida kwamba orodha za mababu ni majivuno ya wazee, kitu cha kusomwa harusini. Kumbe ndiyo iliyoiendesha mahakama.

Usiku mkubwa treni ilisimama Shu, njia panda ya reli, ambako mabehewa mengine hugeuka kwenda kaskazini hadi Astana. Niliteremka kunyoosha miguu. Wanawake wenye mitandio walikuwa wakiuza mikate ya duara na samaki wakavu chini ya taa za stesheni. Kijiji ambacho ndicho makao ya wilaya hii sasa kinaitwa Töle Bi, baada ya kuitwa Novotroitskoye kwa miaka mingi. Sikuona bonde lenyewe, ila giza tu na harufu ya majani makavu. Safari za treni ndivyo zilivyo: mahali ulipopakusudia zaidi unapapita saa nane za usiku.

Nasaba ya Töle Wakazakhi wanaitaja hivi. Ni mwana wa Alibek, wa tawi la Zhanys, wa kabila la Dulat, na Dulat ni miongoni mwa makabila makubwa ya Zhuz Kubwa. Chapa ya Dulat, ile iliyopigwa kwenye mapaja ya farasi wao, ni duara. Juu ya Dulat masimulizi ya nasaba, wanayoyaita shezhire, hupanda hadi kwa mzee Baidibek, ambaye naye alikuwa bi, na mkewe Domalak Ana. Mama huyu ana uzito wa pekee, kwa maana makabila matatu, Alban, Suan na Dulat, yanajihesabu kuwa uzao wake, na kaburi lake lililo chini ya milima ya Karatau hutembelewa na mahujaji wengi. Baidibek mwenyewe utamkuta Shymkent, juu ya farasi wa shaba, kilimani. Kwa hiyo Töle alizaliwa katika ukoo wenye jina, na ni lazima hilo lilimfungulia milango. Masimulizi husema kwamba akiwa kijana bado alikwenda kumwamkia mwamuzi mzee wa Zhuz ya Kati, Anet Baba, akapata baraka yake. Ukoo ulimfikisha hadi kwenye mkeka wa mzee. Kuanzia hapo ilibidi aongee mwenyewe.

Maana kesi ilikuwa maneno ya mdomo tu. Hapakuwa na karatasi. Wenye shauri walikaa nyikani, kila upande na msemaji wake, na jamaa wa pande zote wakiwa wamezunguka wanasikiliza. Msemaji alijenga hoja yake kwa methali, mafumbo na mifano ya hukumu za zamani, na bi alijibu hivyo hivyo, akifunga kwa kauli fupi ambayo watu waliondoka nayo kichwani. Kauli ikinasa midomoni mwa watu, ilikuwa sheria kwa kesi ijayo. Isiponasa, ilisahaulika pamoja na aliyeitoa.

Khan Tauke, aliyetawala kuanzia 1680 hadi miaka ya 1710, ndiye aliyewakusanya waamuzi hawa na kuzifunga mila hizo kuwa mfumo mmoja, Zheti Zhargy, sheria saba. Waliketi, kwa mujibu wa masimulizi, juu ya kilima cha Kültöbe karibu na Turkistan. Sheria hiyo haikuandikwa. Tunachokijua kwa sehemu kubwa ni vipande vilivyokusanywa na Mrusi Alexei Levshin, ambaye alichapisha kitabu chake juu ya Wakazakhi 1832, zaidi ya karne moja baada ya Tauke. Hata vipande hivyo vinatosha kuonyesha jinsi mashine ilivyofanya kazi, na ni mashine ya kustaajabisha.

Mtu akiua, jamaa wa marehemu walikuwa na haki ya kudai roho kwa roho. Lakini wangeweza kukubali kun, yaani dia: kondoo 1,000 kwa mwanamume, 500 kwa mwanamke. Fikiri kondoo 1,000. Hakuna mchungaji wa kawaida mwenye kundi kama hilo. Dia ilipangwa iwe kubwa kiasi kwamba mtu mmoja hawezi kuilipa, ili ukoo wote uichange. Na ukoo uliokwisha kuchanga mara moja huwa mkali sana kwa vijana wake wenye hasira. Mwizi alirudisha alichoiba mara tatu tisa, yaani ishirini na saba kwa moja. Mshtakiwa akikataa kufika, au akishindwa kulipa, deni lilihamia kwa ndugu zake au kijiji chake, nao wakaruhusiwa kushughulika naye watakavyo.

Kiapo ndicho kilichonivutia zaidi. Ushahidi ukikosekana, mshtakiwa hakuapa mwenyewe. Alitakiwa mtu mwingine, anayejulikana kwa uaminifu, aape kwa niaba yake. Kama katika jamaa zake wote hakupatikana hata mmoja aliye tayari kuweka imani yake rehani kwa ajili yake, basi alikuwa na hatia. Ukikaa na jambo hilo kidogo utaona ukali wake. Mahakama haikumuuliza mtu kama ni mwongo, iliwauliza wanaomjua.

Na bi alilipwa. Sehemu ya kumi ya kilichodaiwa ilikuwa yake. Kwa hiyo hawa hawakuwa watawa. Töle alikuwa na mifugo, wachungaji, wake na watoto, na jina lake lilimlisha vizuri. Kilichomzuia bi asiuze hukumu ni soko lenyewe: watu walikuwa huru kupeleka shauri kwingine. Wakazakhi wana methali kwamba mwamuzi mnyoofu hana ndugu, na mwamuzi mwenye ndugu hana imani. Hapo ndipo penye fumbo zima la cheo hiki. Kila mtu mbele yake anatambulika kwa ndugu zake, analipiwa na ndugu zake, anaapiwa na ndugu zake. Yeye peke yake aliyeketi katikati ndiye anayetakiwa asiwe nao.

Turkistan ni saa mbili na ushei kwa gari kutoka Shymkent, barabara nzuri iliyonyooka, nyika pande zote mbili. Tangu mji huo ufanywe makao makuu ya mkoa 2018 umejengwa kwa kasi: hoteli, mabwawa ya mapambo, maduka yenye vioo. Kuba la buluu la Khoja Ahmed Yasawi bado linayashinda yote. Timur alianza kulijenga 1389 na alipokufa 1405 kazi ikasimama; mlango mkuu mpaka leo una matofali yasiyovikwa vigae, na vijiti vya jukwaa la mafundi bado vimechomoza ukutani. Ndani kuna sufuria ya shaba nyeusi ya tani mbili, iliyosubuliwa 1399, ambayo Wasovieti waliichukua 1935 kwenda kuionyesha katika jumba la Hermitage, Leningrad, na ikarudi 1989. Mahujaji huizunguka kwa heshima, mikono wameikunjua. Nikasoma Fatiha pamoja nao.

Kazybek bi amezikwa hapa. Alizaliwa 1667, wa kabila la Argyn, na watu walimwita mwenye sauti ya bata bukini, kwa kuwa sauti yake ilisikika mbali. Masimulizi humkumbuka kama kijana katika ujumbe uliokwenda kwa mtawala wa Wazungari, Wamongolia waliokuwa adui wa Wakazakhi, kudai mateka na mifugo, ambaye wazee waliponyamaza kwa hofu yeye ndiye aliyesimama akasema. Yupo pia Ablai Khan, aliyekufa 1781, na huyu anaturudisha kwa Töle. Ablai alikuwa mtoto wa nasaba ya makhan aliyepoteza wazazi vitani. Alikimbia na mtumishi wake, akafika kwa Töle bi akiwa mchafu na nywele zimemtimka. Töle hakumuuliza mengi. Alimpa kazi ya kuchunga ngamia na jina la Sabalak, yaani mtimtim. Mvulana huyo ndiye aliyekuja kuwa khan mkubwa wa mwisho wa Wakazakhi. Katika nchi ambamo kila mtu hutaja baba saba, mtu mkubwa kuliko wote wa karne ile aliishi utoto wake akiwa ameficha baba zake wote. Sijaona mwandishi wa riwaya aliyebuni vizuri zaidi ya hapo.

Kule Kültöbe niliketi nikasoma upya vile vipande vya sheria, na hapo ndipo sifa zangu kwa mfumo huo zilipoanza kupungua. Dia ya sultani, mtu wa nasaba ya makhan, au ya khoja, mtu wa nasaba ya watakatifu, ilikuwa mara saba ya dia ya mtu wa kawaida. Mwanamke nusu. Mtumwa hakuwa na dia kabisa: aliyemuua alimlipa mwenye mali thamani ya tai wa kuwindia au mbwa wa kuwindia. Viongozi wa msafara mmoja wa shule waliokuwa kilimani walikuwa wakiwaeleza watoto juu ya hekima ya wazee watatu, na hawakuwaambia hilo. Ningependa waambiwe. Mfumo unaopima kila mtu kwa ukubwa wa ukoo unaomsimamia hauna la kumpa asiye na ukoo, na mtumwa maana yake ndiyo hiyo: mtu aliyeng'olewa kwa ndugu zake. Töle alikuwa mwadilifu ndani ya daftari. Waliokuwa nje ya daftari hawakuwamo katika uadilifu wake.

Mwaka 1723 ulifika na kuyafanya hayo yote kuwa madogo. Wazungari, Wamongolia wa magharibi wenye dini ya Kibudha na jeshi lenye mizinga, waliishukia nyika mapema mwaka huo. Wakazakhi walikimbia wakiacha mifugo, wengi kwa miguu, na mpaka leo mwaka huo wanauita mwaka wa nyayo nyeupe, kwa jinsi miguu ilivyochubuka. Tashkent na Turkistan zilianguka. Njaa ikaua waliobaki. Koo zikachanganyika, watoto wakapotea, na nasaba nyingi zikakatika. Kwa taifa ambalo haki yake yote ilitegemea kujua nani ni wa nani, hiyo ilikuwa ni mahakama kuchomwa moto.

Kilima cha Ordabasy kiko kama kilomita arobaini kutoka Shymkent. Dereva wangu, shabiki wa mpira, alishangaa kwamba nataka kwenda kilimani na si uwanjani, kwa kuwa kwake Ordabasy kwanza ni klabu ya Shymkent iliyotwaa ubingwa wa Kazakhstan 2023. Lakini alipofika juu alinyamaza, akashika uso kwa viganja kama mtu amalizaye dua. Mwaka 1726 zhuz tatu zilikutana hapa. Masultani walikuwa hawasikilizani, kila mmoja akimlaumu mwenzake kwa kushindwa, na waliowaketisha pamoja ni waamuzi, Töle akiwa mbele. Abulkhair wa Zhuz Ndogo alichaguliwa kuongoza jeshi la wote. Mila husema walichinja farasi mweupe na kula kiapo. Miaka michache baadaye waliwashinda Wazungari huko Anrakai, magharibi ya Almaty, kisha masultani wakarudi kugombana.

Leo juu ya kilima kuna mnara wenye ncha tatu na ngazi ndefu, na upepo usiokoma. Mei 1993 marais watatu, Nazarbayev wa Kazakhstan, Karimov wa Uzbekistan na Akayev wa Kirgizia, walikutana hapa kuwaenzi wale waamuzi. Ilikuwa miaka miwili tu tangu mipaka ya jimbo iwe mipaka ya nchi. Ni rahisi kuona walichokitafuta.

Mpaka wenyewe niliuvuka siku iliyofuata. Kutoka Shymkent hadi Tashkent ni kilomita 120 hivi, na nusu ya muda wa safari huliwa na foleni ya kituo cha mpaka cha Zhibek Zholy. Akina mama wenye mifuko mikubwa ya biashara walinisukuma kwa upole na kwa ustadi hadi nikajikuta nyuma ya watu ambao nilikuwa nimewatangulia. Askari mmoja aliniuliza ninakwenda kufanya nini. Nikamwambia ninakwenda kuzuru kaburi la Töle bi. Akatabasamu, akagonga mhuri.

Hadithi inayomfanya Töle apendwe na watoto wa shule ni hii. Wazungari walipokuja na watu wote kung'oa mahema na kukimbia, hema moja tu lilibaki limesimama nyikani. Jemadari wa adui akatuma watu waulize kuna nini. Wakamkuta mzee amekaa mlangoni. Akawajibu kwamba mbayuwayu amejenga kiota kwenye shanyrak, lile duara la mbao la juu ya hema ambalo sasa limo katika nembo ya taifa, na makinda hayajajua kuruka. Nikilibomoa hema nitakuwa nimeivunja nyumba ya mwingine. Jemadari akaamuru aachwe. Tangu siku hiyo akaitwa mwenye mbayuwayu, na kwa Kiuzbeki kaburi lake linaitwa Qaldirgʻochbiy, bi wa mbayuwayu.

Ni hadithi nzuri, na mimi siiamini. Tunachokijua ni kwamba baada ya Zholbarys, khan wa Zhuz Kubwa, kuuawa 1740, Töle alikuja kuisimamia Tashkent kwa miaka kadhaa, na mji ulikuwa chini ya Wazungari, ukiwalipa kodi. Yaani alikaa. Wengine walipohama au kufa, yeye alibaki na adui, akaongea naye, akapunguza alichoweza kupunguza. Wazee waliomheshimu wasingeweza kulisema hilo waziwazi katika nyimbo za ushujaa. Wakamweka ndege juu ya hema. Nikimpima kwa hilo ninampenda zaidi, si kidogo. Alikufa 1756, wakati ambapo majeshi ya Qing ya China yalikuwa yakiivunja dola ya Wazungari. Aliwaona adui zake wakianza kuisha, akafunga macho.

Aiteke, wa tatu, amezikwa mbali zaidi, Nurata, nako ni Uzbekistan. Nasaba yake inamhusisha na Zhalantos Bahadur, mtawala wa Samarkand aliyejenga madrasa za Sher-Dor na Tilla-Kori katika uwanja wa Registan. Watalii wanaopiga picha pale maelfu kwa maelfu hawajui kwamba wamesimama katika historia ya mahakama za wafugaji.

Kilichomaliza cheo cha bi kilikuwa sheria za Warusi. Kanuni za 1867 na 1868 ziliwafanya mabi kuwa watumishi wa kuchaguliwa kwa kipindi cha miaka mitatu, na gavana akiwathibitisha. Shokan Walikhanov, kitukuu wa Ablai, msomi na ofisa wa jeshi la tsar, alikwisha kuonya 1864, mwaka mmoja kabla ya kifo chake, kwamba bi akichaguliwa kwa kura cheo kitanunuliwa. Ndivyo ilivyokuwa. Abai, mwandishi mkuu wa Wakazakhi, alilalamika juu ya jambo hilo hilo katika maandishi yake ya nathari. Wasovieti walipofika kufuta mahakama za kimila, walikuta sehemu kubwa imeshaoza.

Kaburi la Töle liko Tashkent, mtaa wa kale wa Shayxontohur, ndani ya uwanja wa chuo cha Kiislamu. Zamani palikuwa na makaburi mengi ya wakubwa. Matatu ndiyo yamebaki. Moja ni la sheikh aliyeupa mtaa jina. La pili ni la Yunus Khan, babu mzaa mama wa Babur aliyeanzisha dola ya Wamughal India. La tatu ni dogo, la matofali, na paa lake halifanani na kuba lolote la Tashkent: limechongoka juu kwa nyuso 12, kama makaburi ya nyikani. Lilijengwa karne ya 15, karne mbili hivi kabla ya Töle kuzaliwa, kisha yeye akalazwa humo. Mlinzi alinifungulia mlango wa mbao. Ndani ni kuta nyeupe na baridi, basi. Kulikuwa na familia ya Wakazakhi waliotoka Shymkent asubuhi ile, baba na watoto wawili. Baba aliwasimamisha watoto wake na kuwataka wataje baba zao saba kwa sauti. Mdogo alifika wa tano, akasaidiwa.

Ukifika Tashkent usiulize kaburi la Töle bi, maana wengi hawatakuelewa. Mwambie dereva Shayxontohur, kisha getini sema Qaldirgʻochbiy. Chukua kitambulisho kwa ajili ya mlinzi. Na ukipita Turkistan kwanza, waombe wanaokutembeza wakusomee na ile sehemu ya sheria inayotaja tai na mbwa.